Droni ya gramu 249 au ya kati? Macho na upepo ndivyo viamue

Mpwa wangu anaishi Hamburg. Mwaka jana alinitumia picha ya droni mbili zikiwa ubavu kwa ubavu kwenye rafu ya duka, na maneno matatu chini yake: "Mjomba, nichukue ipi?" Kushoto DJI Mini 4 Pro, kulia DJI Air 3. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Akalalamika kwamba nusu nzima ilikuwa habari za upepo. Alinihurumia, ilikuwa robo tatu.

Nalijibu swali lake tena hapa, kwa utulivu zaidi, kwa ajili ya yeyote anayesimama mbele ya rafu kama ile. Nazungumza na mtu wa starehe, si mpiga picha za harusi wala mpima mashamba. Anataka kurusha Jumapili asubuhi, arudi nyumbani na droni yake, na asigombane na jirani, askari, wala ndege yenye watu ndani.

Kamera naziweka kando. Zote mbili zinatoa picha safi kuliko kioo cha simu utakachoitazamia. Hizi ndizo namba ambazo mtengenezaji mwenyewe anazitaja:

| | Mini 4 Pro | Air 3 |
|---|---|---|
| Uzito | chini ya gramu 249 | gramu 720 |
| Muda wa betri angani | dakika 34 | dakika 46 |
| Kasi ya juu | mita 16 kwa sekunde | mita 21 kwa sekunde |
| Upepo inaouhimili | mita 10.7 kwa sekunde | mita 12 kwa sekunde |
| Mawasiliano na rimoti, toleo la Ulaya | kilomita 10 | kilomita 10 |

Mstari wa mwisho ndio unaouza droni, na ndio usio na kazi yoyote kwako. Nitaurudia.

Namba 249 ilitungiwa nani?

Ulaya na Marekani ziliweka mpaka wa gramu 250, watengenezaji nao wakaunda chombo kinachokaa gramu moja chini yake. Huko namba ina thamani. Marekani, anayerusha kwa starehe tu droni ya chini ya gramu 250 haisajili kwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, wala chombo hakidaiwi kutangaza utambulisho wake kwa redio kikiwa angani. Mwenye Air 3 anadaiwa vyote viwili, ingawa usajili wenyewe ni dola 5 kwa miaka mitatu. Mtihani mfupi wa mtandaoni uitwao TRUST unawahusu wote, mwenye ndogo na mwenye kubwa.

Kwenye Umoja wa Ulaya pengo ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Mini ina alama ya daraja C0, Air 3 ina C1, na zote zinaruka katika kundi moja la kanuni, lile la A1. Kwa kuwa zote zina kamera, mwenye yoyote kati yake lazima ajisajili kama mwendeshaji. Ujerumani inataka na bima juu yake. C1 inakuongezea mtihani wa maswali 40 mtandaoni, na makatazo ya kupita kwa makusudi juu ya mtu asiyehusika na mruko wako. Mkusanyiko wa watu hauruhusiwi kupitiwa juu na yeyote kati yao. Kwa mpwa wangu, basi, tofauti ya kisheria kati ya boksi la kushoto na la kulia ilikuwa jioni moja ya kusoma.

Uingereza nayo imeanza kuila faida ya 249: tangu Januari 1, 2026, mtihani wa mrushaji unaanzia gramu 100.

Sasa njoo nyumbani. Kenya inaongozwa na kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani ndani, chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Humo hakuna dirisha la gramu 250 la kupitia. Droni inahitaji kibali cha kuingia nchini, inahitaji kusajiliwa, na mwenyewe awe ametimiza miaka 18. Wapo wageni walioshuka JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, na kiboksi kidogo mkononi wakiamini gramu 249 ni kinga, wakaondoka bila boksi. Tanzania, ambako waandishi wa habari wanaziita ndege nyuki, ina kanuni zake za mwaka 2018 chini ya TCAA, mamlaka yake ya anga, na pamoja na TCAA kuna ruhusa ya Wizara ya Ulinzi. Hifadhi za taifa, upande huu na ule wa mpaka, zina mlango wao mwingine wa kubisha.

Kwa hiyo Mkenya au Mtanzania anayelipia Mini kwa ajili ya gramu zake ananunua unafuu wa nchi nyingine. Akiipenda kwa sababu inaingia mfuko wa koti, sawa. Kwa sheria, aihesabu kama ile nyingine.

Futi 400, lakini kutoka wapi?

Kimo ni kilekile karibu kila mahali: futi 400 kutoka ardhini, au mita 120. Jengo la KICC pale Nairobi lina mita 105, basi weka ghorofa chache juu yake. Namba hii haikutolewa hewani. Kwa kawaida ndege zenye rubani ndani, nje ya miji, haziruhusiwi kushuka chini ya futi 500 isipokuwa zinapopaa au kutua. Kati ya paa lako na sakafu yao mnabakiziana futi 100, mita 30 tu. Minazi miwili ikisimama mmoja juu ya mwingine imeshaijaza na kupita. Helikopta, na ndege za wagonjwa zinazotua viwanja vya murram, hazingoji hata hizo futi 500.

Hapa droni zote mbili zinadanganya kwa namna moja. Kimo kinachoonekana kwenye skrini kinapimwa kwa shinikizo la hewa kuanzia pale ulipoondokea, nacho hakijui ardhi iliyo chini ya droni kwa sasa ina kimo gani. Simama Irente, kule Lushoto, ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara. Rusha, panda mita 20, kisha sogea mbele mita 300. Skrini inakuambia 20. Chini ya droni kuna mamia ya mita za hewa tupu hadi uwandani, na ndege ndogo inaweza kupita hapo kihalali kabisa, hata chini yako. Geuza mfano: ondokea bondeni upande mteremko wa Ngong, skrini isome 110 na wewe ujione bado u salama, huku matawi ya miti yako mita kumi chini ya mapanga. Kwa sheria ya Ulaya kimo hupimwa kutoka sehemu ya ardhi iliyo karibu zaidi na droni, na lugha ya kanuni zetu ni ya "juu ya ardhi" vilevile. Skrini haijui lolote kati ya hayo.

Pwani hatuna shida ya milima, ila tuna ya mapaa. Ukirushia juu ya paa la ghorofa la sita, sifuri yako imeshapanda mita 18 au 20. Zipunguze mwenyewe kichwani.

Programu ya DJI huja na kikomo cha mita 120, na nje ya Ulaya mtu anaweza kukipandisha hadi 500 kwa kidole kimoja. Januari 2025 kampuni hiyo iliondoa Marekani ule uzio wa kidijitali uliokuwa ukizuia droni kuruka karibu na viwanja vya ndege, ikaweka maonyo badala yake. Aliyekuwa akitegemea mashine imkataze abaki anategemea adabu yake. Katika kipengele hiki siwezi kukuambia Mini inaishinda Air au Air inaishinda Mini. Zimetoka sare, na mshindwa ni mrushaji asiyepiga hesabu.

Umbali: macho yako yanaishia wapi

Kilomita 10 za kwenye boksi ni umbali ambao rimoti na droni zinaweza kusikilizana pasipo kizuizi. Sheria, kuanzia Kenya hadi Marekani, inasema uione droni kwa macho yako. Kuiona maana yake si kujua kwamba kile kinukta kule ni yenyewe. Ujue pua yake imeelekea wapi, ili kitu kikitokea usiivute kushoto ukidhani ni kulia.

Nimepima zote mbili, asubuhi, anga safi, bila miwani ya jua. Mini, rangi ya kijivu, nyuma yake bahari: kwenye mita 200 sikuweza tena kusema imeangalia wapi. Air 3 ilinifikisha 350 hivi. Macho yako si yangu, na yangu yana miaka hamsini na kitu, kwa hiyo usizichukue namba zangu, chukua jaribio. Mwenzako ashike rimoti, asogeze droni polepole akiigeuzageuza, wewe useme "mbele", "nyuma", "ubavu" bila kutazama skrini. Ukikosea mara mbili mfululizo, soma umbali. Huo ndio mwisho wako, na uuandike kwenye programu kama kikomo. Hapa Air imeshinda wazi, na inashangaza kidogo: droni yenye masharti mengi zaidi huko Ulaya ndiyo iliyo rahisi zaidi kuirusha ukitii sharti la kuiona.

Umbali wa pili ni wa watu. Kenya inataka mita 50 kutoka kwa mtu, gari au jengo lisilo chini ya uangalizi wako. Ni nusu ya uwanja wa mpira. Ufuo wa Jumapili uliojaa waogeleaji hauna mita 50 tupu popote. Ulaya, kwa droni nzito zaidi za C2, inataka mita 30, na 5 zikiwa katika mwendo wa pole. Marekani haimtajii mrushaji wa starehe mita yoyote. Inamtaka afuate miongozo ya usalama ya chama kinachotambulika. Mimi nashika 50 hata pale sheria inaponiruhusu pungufu, kwa sababu 50 naweza kuikadiria kwa macho na 30 huwa nakosea.

Umbali wa tatu, wa viwanja vya ndege, ndio unaokata ramani ya pwani vipandevipande. Kenya ina kilomita 10 kwa viwanja vikubwa na 7 kwa vidogo. Chora duara la kilomita 10 kutoka Moi International, uone: karibu kisiwa chote cha Mombasa kimo ndani, na Fort Jesus iko pale pale kwenye mstari. Diani, pamoja na ule mchanga wake wote, iko kilomita mbili tatu tu kutoka uwanja wa Ukunda. Wasafiri wanarusha hapo kila siku, najua. Nairobi ni balaa zaidi, kwa sababu Wilson, JKIA na Eastleigh zinapishanisha maduara yao juu ya jiji. Watamu imetoka nje ya duara la Malindi, lakini bahari yake ni hifadhi, unarudi kwa KWS, shirika la wanyamapori.

Upepo, zile robo tatu nyingine

Tuseme kusi, mita 10 kwa sekunde, ambayo Julai si habari. Mini inahimili 10.7 kwa karatasi. Iko mita 800 kaskazini mwako, umeipeleka kwa mwendo wa kawaida wa mita 12 kwa sekunde na upepo ukiisukuma: imefika kwa sekunde 36. Sasa irudishe. Mita 12 toa 10 ni 2. Sekunde 400, karibu dakika saba, na betri inalipa kila moja. Ukiiweka katika mwendo wa mbio inakuja kwa mita 6, dakika mbili na kidogo, ila inainyonya betri kama bomba lililopasuka. Air 3 kwa kasi yake yote inabakiwa na mita 11 mbele ya upepo huohuo. Sekunde 73 iko nyumbani.

Nilijifunza hesabu hii Msambweni, si darasani. Ilikuwa Juni, na droni ndogo ya aina hii, ya kizazi cha nyuma. Nilifuata ngalawa mbili zikielekea kaskazini, picha tamu, mkono mmoja na chai. Nilipoirudisha ilisimama pale pale kama tiara lililonasa kwenye waya. Inapiga mapanga, haiji. Nikakumbuka kwamba upepo ni mdogo karibu na ardhi, nikaishusha hadi usawa wa vichwa vya minazi kisha chini yake, ikaanza kutambaa. Ilibaki asilimia 9 nilipoitua mchangani, kama mita 400 kutoka niliposimama, katikati ya watoto waliokuwa wakicheza mpira. Zile mita 50 zangu nilizivunja mwenyewe, na mtoto mmoja alitaka kuidaka kwa mkono huku mapanga yakizunguka.

Laiti ningeshika mita 200 za macho yangu, nisingekuwa na kisa. Kutoka mita 200, kwenye upepo uleule, hata kwa mwendo wa kawaida inarudi kwa sekunde 100. Sharti la umbali linamlinda jirani, sawa, lakini droni ya kwanza kuokolewa ni yako.

Anayekaa pwani ana saa na misimu ya kuchagua: alfajiri wakati wa umande, au siku za maleleji kati ya kaskazi na kusi. Mwenye Mini azishike hizo tu. Mwenye Air ana nafasi pana zaidi, si pana sana.

Ikianguka

Kila mtu wa pwani anajua mahali pa kutokulala: chini ya mnazi. Nazi ya kilo moja na nusu ikidondoka kutoka mita 20 inafika chini na nguvu ya juli 294. Mini ikizimika kwenye mita 120, bila kuhesabu hewa inayoipunguza kasi, inafika na juli 293. Ndiyo ile nazi. Air 3 kutoka hapohapo ina juli 847, karibu nazi tatu kwa mkupuo. Hewa itaipunguzia kila moja sehemu yake, ila uwiano unakupa picha. Hapa ndipo Mini inastahili sifa yake, na ndipo sheria za Ulaya zilipoupatia ule mpaka. Kwenye mji, juu ya mabati na vichochoro, ndogo ni bora, ukipata kibali cha kuirusha hapo.

Ila "ndogo" isikulevye. Januari 2025, Los Angeles ikiwaka moto, mtu alirusha droni ndogo kutoka kwenye paa la maegesho ya magari ili auone moto wa Palisades. Aliipeleka zaidi ya mita 2,500, ikampotea machoni, ikagonga bawa la ndege ya kuzimia moto yenye watu wawili ndani na kulitoboa. Ndege ilitua salama, lakini ikalazimika kuacha kazi huku mji unaungua. Hesabu makosa yake: umbali, macho, na anga iliyofungwa. Gramu hazikumfaa kitu.

Na zile za kuvaa miwani?

Mpwa aliuliza na hizi, kwa kuwa ameziona mtandaoni zikipita kwenye madirisha. DJI Avata 2 ina gramu 377, na raha yake sikatai. Lakini ukivaa miwani unaona kile tu kamera inachokiona, huioni droni tena, kwa hiyo Ulaya na Marekani zinakutaka uwe na mwangalizi kando yako anayeiona kwa macho yake na anayeweza kusema nawe bila simu. Kama huna rafiki wa kusimama juani nusu saa akitazama juu bila kurusha yeye, usinunue.

Ipi, basi

Ukiishi Ulaya au Marekani, ukarusha mashambani na mijini humo, na hupendi makaratasi: Mini. Ukiishi Kenya au Tanzania, utapitia vibali vilevile kwa yoyote, basi chukua inayoonekana na inayorudi dhidi ya upepo: Air 3, hasa kama wewe ni wa pwani au wa Ziwa. Ukiwa wa Nairobi, kwanza tafuta mahali nje ya maduara matatu, ndipo utafute droni. Na kama bado hujaanza safari ya kibali, ile pesa iache benki. Chombo kilichoko forodhani hakina gramu wala kilomita.

Mpwa wangu alichukua Mini. Desemba alipokuja Mombasa kwa harusi ya dada yake nilimsubiri uwanjani nikiwa na wasiwasi, nikamtazama anavyosukuma sanduku lake.

"Umekuja nayo?"

"Niliiacha kabatini, mjomba. Ule ujumbe wako niliusikiliza mpaka mwisho. Ule wa upepo."